Laga imekataa kuchachuka? Ipime kabla hujaigusa

Umepika laga, bia inayochachushwa kwenye baridi. Chachu umeitia jana jioni, leo umeinama juu ya ndoo na kile kibomba cha maji kwenye mfuniko, kinachopitisha hewa ya ndani kwa viputo, kimetulia tuli. Hakuna kiputo hata kimoja. Aliyezoea kupika eli, bia inayochachuka kwenye joto zaidi, ambayo saa hizi ingekuwa imeshapanda povu, lazima aingiwe na wasiwasi. Iache kwanza.

Chachu ya laga hufanya kazi kwenye baridi, nyuzi 9 hadi 13 za Selsiasi hivi, na baridi hiyohiyo ndiyo inayoichelewesha kuanza. Saa 24 za kimya si kitu, na 48 bado ni kawaida. Mimi huanza kuuliza zinapotimia 72, na hata hapo napima kwanza, siongezi chochote.

Kile kibomba nilishaacha kukiamini. Mfuniko usipokaza vizuri, hewa hutokea pembeni, nacho kinabaki kimelala huku ndani kazi imepamba moto. Tena maji ya kimea, yale yanayogeuka kuwa bia, yakiwa ya baridi hushika kaboni dayoksaidi nyingi kuliko yakiwa vuguvugu, hivyo viputo huchelewa hata uchachukaji ukiwa umeshaanza. Kinyume chake pia hutokea: ndoo ikipata joto kidogo, hewa iliyomo hutanuka, viputo vinatoka, unashangilia bure.

Haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa maji ya kimea ukilinganisha na maji matupu, haina maneno mengi: sukari ikiliwa na chachu, namba hushuka. Kama ulianza na 1.048 na sasa unasoma 1.044, bia inachachuka. Funika ukaendelee na shughuli zako. Ila sampuli iache kwanza ifikie joto ambalo haidromita yako imetengenezewa, mara nyingi nyuzi 20, kwa sababu ikiwa ya baridi husomeka nzito kuliko ilivyo. Ukishapima, ionje, na inayobaki usiirudishe ndooni.

Namba isiposogea kabisa, mshukiwa wangu wa kwanza ni uchache wa chachu. Kanuni ya wapishi wengi ni kwamba laga inataka seli kama milioni 1.5 kwa kila mililita, kwa kila digrii moja ya Plato (kipimo kingine cha sukari iliyomo), yaani mara mbili ya eli. Hiyo 1.048 ni karibu digrii 12, kwa hiyo lita 20 zinahitaji seli zipatazo bilioni 360. Pakiti ya chachu ya majimaji yenye bilioni 100 haifiki hata theluthi, na ikikaa miezi kadhaa kabla ya kutumika, sehemu kubwa ya seli huwa zimekufa. Maelekezo yakisema pakiti moja inatosha kwa laga, mimi hununua mbili.

Mshukiwa wa pili ni mshtuko: chachu iliyokuwa kwenye joto la chumba inamwagwa ghafla kwenye maji ya nyuzi 8, inajikunyata na kulala. Dawa yake ni kupandisha joto la ndoo hadi nyuzi 15 au 16, kuizungusha polepole bila kufungua mfuniko ili chachu iliyotuama chini iinuke, halafu kusubiri siku nzima. Povu likitanda juu, shusha joto taratibu, nyuzi moja au mbili kwa siku. Wapo watakaokwambia utaharibu ladha, kwamba joto huleta harufu ya matunda. Ni kweli, kidogo. Lakini maji matamu yanayokaa bila chachu hai ni karamu ya bakteria, na mimi kati ya hayo mawili nachagua harufu ya matunda.

Joto likishindwa, tia chachu mpya, na itie ikiwa macho. Chemsha gramu 100 za unga wa kimea katika lita moja ya maji, poza, tia chachu humo, na ikishaanza kutoa povu mimina yote ndooni. Ukikosa ya laga, ya eli itakuokoa. Utapata bia nzuri tu, ingawa si laga. Kutikisa ndoo kwa nguvu ili oksijeni iingie kunafaa wakati namba haijasogea hata kidogo. Ikishaanza kushuka acha kabisa, maana bia itakuja na ladha ya boksi lililolowa.

Harufu ya yai bovu isikutishe, chachu za laga ndivyo zilivyo, na huondoka yenyewe. Harufu ya siki au ukungu wenye manyoya ni habari nyingine: mwaga.

Laga iliyochelewa kuanza hupenda kubaki na ladha ya siagi. Kwa hiyo ikikaribia kumaliza, tuseme kwenye 1.018, ipandishe hadi nyuzi 16 au 18 kwa siku mbili tatu ili chachu ile ile iisafishe, uonje, na siagi ikiwa bado ipo uiongezee siku nyingine kabla ya kuipeleka kwenye baridi kali ikalale majuma yake.