Umeitwa kwenye juri Uingereza? Anza na fomu ya mwajiri

Msomaji mmoja anayehudumia wazee kwenye kituo cha malezi ametuandikia: amepata barua ya wito wa juri, yaani kundi la watu wa kawaida wanaosikiliza kesi mahakamani na kuamua kama mshtakiwa ana hatia, je, mahakama itamlipa mshahara wake? Hapana. Mahakama za England na Wales humfidia mwanajuri kipato alichokosa tu, tena kwa kikomo na kwa ushahidi. Usichothibitisha hulipwi.

Wengi wetu hudhani wito huu ni wa Waingereza peke yao. Mkenya, Mtanzania au Mganda anatoka nchi ya Jumuiya ya Madola, hivyo akiwa na kibali cha kuishi huko huweza kuandikishwa kwenye daftari la wapiga kura, na majina ya wanajuri hutoka humo. Jibu barua ndani ya siku 7. Ukiipuuza unaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000.

Siku 10 za mwanzo, ukitumikia zaidi ya saa 4, kikomo ni pauni 64.95 kwa siku. Saa 4 au pungufu ni 32.47. Kuanzia siku ya 11 kikomo cha siku nzima hupanda hadi 129.91. Anayepata pauni 100 kwa siku basi anapungukiwa 35.05, na kwa siku 10 ni 350.50. Hiyo ni pesa ya kodi ya nyumba! Sheria inamtaka mwajiri akuruhusu uende, haimtaki akulipe, kwa hiyo muulize mapema kama atakujazia pengo hilo.

Fomu ya kuthibitisha kipato kilichopotea hujazwa na mwajiri. Mpelekee kabla ya siku yako ya kwanza mahakamani. Hapa ndipo walioajiriwa kupitia wakala wa kazi na watu wa zamu zisizo na saa maalumu hukwama: ofisi inasema haikuwa imekupangia kazi, fomu inarudi tupu. Tunza hati za mshahara za wiki zilizotangulia na ratiba za zamu, uionyeshe mahakama wastani wa kipato chako. Aliyejiajiri ana fomu yake, na huambatanisha ritani ya kodi ya karibuni.

Chakula ni pauni 5.71 ukiwa nje ya nyumbani au kazini kwa muda usiozidi saa 10, zaidi ya hapo 12.17. Gari ni peni 31.4 kwa maili, baiskeli 9.6. Teksi na maegesho, omba ruhusa ya mahakama kwanza, usije ukabaki na risiti isiyolipika. Malezi ya mtoto hudaiwa pale tu unapolazimika kulipia zaidi ya kawaida yako, nayo huhesabiwa ndani ya kikomo kilekile cha 64.95.

Malipo huja siku 7 hadi 10 za kazi baada ya kuwasilisha madai. Kesi ikiwa ndefu, au hali ikiwa ngumu, waombe wakulipe kesi ikiendelea. Usione haya, utaratibu huo upo. Madai hayapokelewi baada ya miezi 12 tangu umalize utumishi.