Umepewa usteringi kwenye opera? Tunza koo

Kwaya za Dar zina waimbaji wazuri kuliko tunavyojisifu. Mtu anayesoma sol-fa (do, re, mi) bila kusitasita na kila Krismasi anaimba nyimbo za Handel hashindwi na nota za opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Kinachomshinda ni kusimama peke yake bila maiki, feni za ukumbi zinavuma, bajaji zinapita nje. Hapo ndipo tunapoanza kupiga kelele, na siku ya onyesho inafika sauti imeshakwisha.

Mimi niliimba nafasi ya Dido katika Dido and Aeneas ya Henry Purcell, na kikundi cha ridhaa hapa mjini. Kwa wasio na bajeti naipendekeza sana. Inachukua kama saa moja, ala zake ni chache, na mwaka 1689 ilikwisha kuchezwa kwenye shule ya wasichana kule Chelsea, London, kwa hiyo haidai sauti ya kupasua vioo. Dido mwenyewe ni malkia wa Carthage, katika Tunisia ya leo. Ila ujue mapema: huyu steringi anakufa.

Kwenye mazoezi ya jioni imba nusu sauti. Umeshinda kazini, umesimama kwenye mwendokasi toka Posta, koo limechoka kama miguu. Panapopanda sana shusha oktavu, yaani imba nota ileile kwa sauti ya chini. Mwambie mwongozaji mapema asije akadhani unategea. Wenzako wengine watasema unaringa, waache waseme. Sauti kamili itoe siku ya kupima uwiano na ala. Wiki ya onyesho omba ruhusa kwenye kwaya ya Jumapili, hata kama mwenyekiti atanuna.

Mayai mabichi? Kila kwaya ina mtu anayeapa kwa mayai mabichi. Unachokimeza kinapita njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti. Tangawizi inafariji, basi. Kunywa maji tangu asubuhi, na ukiweza kaa mbali na kiyoyozi cha ofisini. Hewa yetu ya pwani yenye unyevu ni rafiki wa mwimbaji, kiyoyozi ndicho kinachokausha koo.

Kuhusu kuimba bila maiki: mweke mtu unayemwamini kiti cha nyuma kabisa, akuambie kama maneno yanafika. Msikilize yeye kuliko masikio yako, maana ukiwa jukwaani utajiona husikiki hata kidogo.

Kazi yenyewe iko kwenye wimbo wa mwisho wa Dido. Besi, yaani sauti ya chini ya ala, inashuka nusu toni nusu toni kutoka G hadi D, kisha inafunga na kuanza upya. Ni mzunguko wa baa (vipimo vya muziki) tano unaorudiwa mara 11. Wewe huanzi inapoanza, wala humalizi inapomaliza. Ukiwa na mazoea ya kwaya, ambako sauti zote nne hutua pamoja, utavuta pumzi mahali pasipo pake. Dawa yake ni kujifunza besi kwanza. Iimbe jikoni, iimbe ukifua, mpaka uijue kama Baba Yetu, ndipo uweke sauti yako juu yake.

Anapoomba akumbukwe, nota inakaa palepale kwenye D, ambayo kwa sol-fa ni mi, kabla ya kupanda hadi G. Zile D zinashawishi ukaze kila moja. Usikaze. Anayekata roho hana nguvu hizo, na G inakusubiri na inataka pumzi.

Ukishakufa, kwaya ndiyo inayofunga opera, nawe umelala pale kwa dakika kadhaa, kifua kinapanda na kushuka baada ya wimbo mzito. Watoto wa mstari wa mbele wataliona hilo na watalisema kwa sauti. Mwombe mwongozaji uanguke ukiwapa watazamaji mgongo, na mtu wa mavazi akupe khanga pana ya kukufunika.