Maswali ya Wasomaji: Rangi ya Mlango Imefura Vijipovu

SWALI: Mlango wa gari langu ulibonyea na kukwaruzika. Niliujaza puti, nikaisugua kwa msasa wa maji, kisha nikapuliza rangi ya kopo. Baada ya miezi michache rangi imefura vijipovu, na kingo za puti zinaonekana waziwazi. Je, nipulize rangi nyingine juu yake?

JIBU: La, usipulize. Rangi mpya ikishikilia ile iliyokwisha kuachia, zote mbili zitabanduka pamoja. Puti ya magari hunyonya maji, na ulipoisugua ikiwa imelowa, unyevu uliingia ndani ukafungiwa na rangi. Bati lilipopata joto la jua, unyevu huo ukaisukuma rangi juu. Iwapo kulikuwa na kutu iliyosalia chini, nayo ilipata maji ya kuendelea kula bati.

Kwa hiyo ondoa kila kitu hadi kwenye bati, ukianza na msasa mkali wa namba 80, wala usiridhike mpaka vidoa vyeusi vilivyomo kwenye vishimo vidogo vimekwisha, kwa kuwa humo ndimo kutu huanzia upya. Bati likiwa limetoboka, puti si dawa. Mpelekee fundi achomelee kipande kipya.

Bonyeo linyooshwe kwanza kutoka upande wa ndani, ili puti isizidi unene wa milimita 3 hivi. Kigumishi, yaani dawa inayochanganywa na puti ili igande, kiwe takriban asilimia 2 ya uzito wa puti. Wengi hukizidisha wakitaka ikauke upesi, bila kujua kwamba kinachozidi hupenya baadaye na kuacha madoa kwenye rangi. Puti isuguliwe kavu, kwa namba 80, kisha 180, na mwishowe 320, ukipanua eneo hadi kingo za rangi ya zamani zipotee chini ya kidole. Kidole hugundua mapema kuliko jicho. Pangusa vumbi na mafuta, pulizia praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, iache ikauke kabisa, kisha uisugue kwa namba 400 hadi 600. Hapo ndipo maji yanaporuhusiwa, mradi praima isichubuke puti ikatokeza tena.

Namba ya rangi ya gari huandikwa kwenye kibati kilichopo, mara nyingi, kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Hata hivyo rangi iliyopigwa na jua kwa miaka haitalingana na mpya, hasa ile yenye chembe za metali. Ififishe rangi mpya kuelekea kwenye ya zamani, kisha mlango mzima uupulizie laka ya juu, ile isiyo na rangi, kwani kiraka cha laka katikati ya mlango huonekana daima.

Rangi na laka zinazochanganywa na kigumishi chenye kemikali ya isosianeti usizipulize nyumbani. Mvuke wake huweza kusababisha pumu, na barakoa ya kuzuia vumbi haisaidii chochote.