Simu haichaji mpaka uukunje waya

Dada, kama inachaji ukiukunja tu waya upande mmoja, usikimbilie kwa fundi kubadilisha sistimu ya chaji. Dodoma hii, kiangazi upepo ukichachamaa, vumbi linaingia tunduni pamoja na nyuzi za mfukoni, na kila ukichomeka waya unalishindilia ndani zaidi. Zima simu kwanza, mulika na tochi, kisha chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mti. Sindano hapana kabisa! Chuma kinakwaruza zile pini, au kinapiga shoti. Yangu juzi ilitoa donge la kijivu kama pamba, waya ukazama mpaka ukalia "ta". Ikigoma bado, azima waya wa jirani ujaribu kabla hujatoa hela.