Bima ya Mkopo Si Bima ya Duka: Barua kwa Mwanangu

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili. Unaniambia kwamba benki imekubali kukukopesha shilingi milioni 15 kwa sharti la kukata bima ya moto ya kiasi hicho hicho, kwamba mali iliyomo dukani mwako Kariakoo inafikia milioni 30, na unaniuliza kama bima hiyo itakutosha. Haitakutosha, baba, na ubaya wake ni kwamba upungufu huo hauonekani mpaka siku ya kudai.

Bima hiyo imepimwa kwa deni, haikupimwa kwa mali. Hati za bima ya moto kwa kawaida huwa na kifungu cha uwiano, kinachosema kwamba ukikatia bima sehemu tu ya mali yako, sehemu iliyobaki unahesabiwa kuwa umejibebea mwenyewe, na kila hasara itagawanywa kwa kipimo hicho. Tuseme moto umeteketeza vitambaa vya milioni 10 kabla ya kuzimwa. Utadhani kwamba, kwa kuwa una bima ya milioni 15, utalipwa milioni 10 zote. Lakini kampuni itagawa 15 kwa 30, itapata nusu, nayo itakuhesabia milioni 5, kisha itapunguza kile kiasi ambacho hati inakutaka uchangie mwenyewe katika kila hasara. Na kama benki imeandikwa katika hati kuwa mlipwaji wa kwanza, fedha hizo zitaingia kwenye mkopo, nawe utabaki na majivu, kodi ya pango na deni lililosalia. Kata bima ya milioni 30, na kila unapoleta mzigo mkubwa wa sikukuu, waandikie wapandishe kiwango kabla mzigo haujashushwa.

Angalia pia ni majanga gani yaliyotajwa. Hati ya moto ya kawaida hushughulikia moto, radi na baadhi ya milipuko. Mafuriko, wizi na mengineyo hununuliwa kwa nyongeza au kwa hati nyingine. Unalikumbuka ghorofa lililoporomoka hapo hapo Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, ambapo watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Moto hauhusiani na zege lililoanguka, kwa hiyo uliza waziwazi kama kuporomoka kwa jengo kumo, na jibu walilete kwa maandishi.

Unasema mwenye nyumba amekutuliza kwamba jengo lina bima. Bima hiyo ni yake. Ikithibitika kwamba moto ulianzia dukani mwako kwa uzembe, kampuni iliyomlipa yeye inachukua haki yake ya kukudai na inakugeukia wewe. Kwa kuwa kule BRELA, kwa wakala wa serikali wa kusajili biashara, ulisajili jina la biashara tu wala hukusajili kampuni, sheria haikutenganishi na duka lako, na hukumu ya deni inaweza kufika hadi kwenye kiwanja chako cha Kibaha. Ndiyo maana nakusihi uongeze bima ya dhima kwa watu wengine, yaani ile inayolipa pale unapodaiwa kwa hasara uliyomsababishia mtu mwingine. Yule kijana uliyemwajiri asajiliwe katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwani hilo ni la lazima kisheria.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikuwahi kukusimulia kwa ukamilifu. Duka letu la Ngamiani lilipoungua ulikuwa bado shule ya msingi, na mlijua tu kwamba bima "walikataa". Ukweli ni kwamba wakala alinijazia fomu ya maombi akiwa amesimama kaunta, nami nikasaini bila kuisoma kwa sababu wateja walikuwa wananisubiri. Palipoulizwa kama ndani ya duka kuna kitu chepesi kushika moto, aliandika "hapana", ilhali kila siku nilikuwa nauza mafuta ya taa pale pembeni. Mtathmini wa hasara aliyaona madumu siku ya kwanza. Daftari langu la mali nalo liliungua humo humo, kwa hiyo hata thamani ya vitu sikuweza kuithibitisha. Baada ya miezi mingi ya kubishana nilikubali theluthi ya hasara, na niliumia sana, kwa sababu ada yote nilikuwa nimelipa kwa wakati. Jaza fomu kwa mkono wako, taja hata lile unaloona dogo, na nakala ya daftari ikae nyumbani.

Ikitokea hasara, toa taarifa ndani ya siku zilizoandikwa katika hati, pata ripoti ya Polisi na ya Zimamoto, piga picha, na usiondoe mabaki kabla mtathmini hajafika. Watakapokuletea karatasi ya kupokea malipo, soma kama inasema kwamba umelipwa kikamilifu na huna dai jingine, maana ukishaisaini ni vigumu mno kurudi nyuma. Wakikataa, dai sababu zao kwa maandishi. Usiporidhika, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi inayotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Usichelewe, kwa kuwa hati nyingine huweka ukomo mfupi wa kufungua shauri.

Ada ilipe kwa kampuni yenyewe, uhakiki hati katika mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, na usisaini chochote kabla ya Jumamosi. Nitapanda basi la alfajiri, tuhesabu mali jora kwa jora, na tuandike bei uliyonunulia, si unayouzia, kwa kuwa bima ya mali haifidii faida ambayo hujaipata.

Mama yako