Muulize Mama Injinia: Kadi mbili, ada mbili, na mimi bado nalipwa posho

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu kadi za bodi na vyama vya wahandisi: ipi ya lazima, ipi ya hiari, ipi ina faida. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu najua iko mifukoni mwa vijana wengi.

*Shikamoo Mama Injinia. Nina shahada ya uhandisi ujenzi, sasa niko kwa mkandarasi hapa Mwanza, tunajenga makalavati na mifereji. Nimeshasajiliwa ERB kama mhandisi mhitimu. Kuna kaka mmoja saiti ananisukuma nijiunge na IET pia. Huku ada, kule ada, na mshahara wenyewe ni posho. IET watanitafutia kazi nzuri zaidi? – Kijana wa Nyegezi*

Marahaba mwanangu. Nianze na swali la mwisho: hapana. Ukiingia kule na bahasha ya vyeti ukitegemea dirisha la kugawa ajira, utarudi umekasirika na ada yako imekwenda.

Hivi ni vyombo viwili tofauti. ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ni mkono wa serikali. Sheria yake ya 1997 ndiyo inayosema nani afanye kazi ya uhandisi nchini na nani anavunja sheria kwa kujiita mhandisi. Hapo hakuna cha kupenda wala kutopenda. IET, Taasisi ya Wahandisi Tanzania, ni chama chetu wenyewe na kipo tangu 1975. Bodi inakupa namba ya usajili. Chama kinakupa watu, basi.

Hao watu utawahitaji wapi? Kwenye SEAP, ule mpango wa mafunzo kwa vitendo ambao bodi iliuanzisha 2003. Unafanya kazi miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, unaandika ulichofanya, kisha unaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Wengi wanakwama njiani, na si kwa uvivu. Kampuni haina mhandisi mtaalamu wa fani yao, au anaye lakini yuko Dar na anasaini kwa mbali bila kusoma. Kwenye mkutano wa chama ndipo utakapokutana na mzee wa TANROADS, au wa halmashauri, au mhandisi mshauri, akakubali kupitia daftari lako. Usimwombe kazi siku ya kwanza. Mwombe akusomee kurasa mbili.

Nimekaa na vijana wengi kuwapitishia madaftari hayo, na nakwambia ugonjwa mkubwa uko pale. Kijana anaandika: "Leo nilisimamia umwagaji wa zege kwenye kalavati." Kesho yake: "Niliendelea kusimamia zege." Hiyo ni mahudhurio. Hata mlinzi wa getini angeweza kuiandika.

Sasa tazama kijana mwingine, wa mradi wa maji nilikostaafia. Aliandika kwamba magari mawili ya kwanza ya zege yalikuwa sawa, la tatu akalitilia shaka kwa jinsi lilivyokuwa likimiminika. Akapima slampu, yaani kipimo cha ulaini wa zege: koni ya milimita 300, akaijaza kwa tabaka tatu, kila tabaka akalishindilia kwa fito mara 25, akaipandisha taratibu. Zege likashuka milimita 160. Maelezo ya mradi yalitaka 75. Akamhoji dereva, akagundua maji yameongezwa njiani ili mzigo ushuke haraka. Akalirudisha gari. Akachora pembeni, kwa penseli, umbo la zege lilivyokaa baada ya koni kuondolewa. Akaandika pia kwamba kutoka kwenye magari yale mawili alichukua kyubu za milimita 150, vipande vya zege vya kuvunjwa siku ya 7 na siku ya 28 ili kupima nguvu yake, na wiki nne baadaye akarudi kwenye ukurasa uleule kujaza majibu kwa wino wa rangi nyingine.

Huyo akiitwa kwenye usaili ana la kusema. Atakayemhoji atauliza, "Mkandarasi alikasirika?" na mazungumzo yatakwenda yenyewe.

Kwa hiyo ukienda mkutanoni beba daftari, acha bahasha nyumbani. Na usikimbie mara mada inapokwisha. Mada yenyewe mara nyingine inachosha, nakiri. Kuna wenzetu wakishika projekta huwezi kuwanyang'anya. Faida iko kwenye chai. Pale ndipo mtu anataja kwamba mradi fulani unatafuta kijana wa kupima udongo, kabla tangazo halijaandikwa.

Na jambo moja la huko kwako. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya ziwa, lilifunguliwa Juni 2025, na wewe unakaa Nyegezi! Wapo wahandisi vijana wa Kitanzania walioshika kazi pale. Watafute kupitia wanachama wa Mwanza, ombeni ziara, halafu mkifika msipige picha za nguzo kuu tatu mkaondoka. Muulizeni aliyekuwa pale jinsi walivyofika chini ya maji kwenye mwamba, na ni kitu gani kiliwachelewesha. Somo la makalavati yako limo humohumo: maji yanakwenda wapi ukiyazuia.

Ada ya IET, basi, lipa ukiwa tayari kuhudhuria. Kama huna nafasi ya kwenda mwaka huu, hela hiyo nunua buti.

*Mama, mimi ni mhandisi wa umeme kiwandani, Mbeya. Nimekwenda mkutano wa wahandisi mara chache. Wanaume watupu, unaanza jioni, unakwisha usiku, na hakuna aliyenisemesha zaidi ya kuniuliza nimekuja na nani. Niendelee? – Dada wa Soweto, Mbeya*

Uendelee, lakini si kwa mtindo huohuo.

Kwanza saa. Mwandikie katibu barua fupi, si ujumbe wa simu, ukiomba mkutano mmoja kati ya kadhaa uwe Jumamosi asubuhi. Usiandike kwamba ni kwa ajili ya wanawake. Andika kwamba wengi wanatoka viwandani na kwenye saiti za mbali, jambo ambalo ni kweli. Utashangaa wanaume wangapi watashukuru.

Pili, omba kutoa mada. Ndiyo, wewe. Mtu aliyesimama mbele dakika 30 haulizwi tena amekuja na nani. Na usitafute mada ya kutisha. Unafanya kazi kiwandani: waeleze mota zinavyoungua faizi moja ikikatika, na relei ya ovalodi, kile kifaa cha kuzima mota ikizidiwa, iliyopandishwa kupita kiasi na fundi aliyechoka kuona mashine ikizima kila saa. Nenda na koili iliyoungua, ipitishe mikononi mwao waione na kuinusa. Wa ujenzi watasikiliza kwa adabu. Wa umeme watakufuata mpaka nje. Isitoshe, bodi inatutaka tujiendeleze kitaaluma kila mwaka, na kutoa mada ni sehemu ya kujiendeleza huko, kwa hiyo weka kumbukumbu yake.

Tatu, IET ina kitengo cha wanawake. Jiunge nacho, ila usijifungie humo. Kitengo kinakupa wenzako wa kukupigia simu. Kazi bado zinagawiwa ukumbi mkubwa. Na kama hujamaliza SEAP, ulizia bodi kuhusu misaada kwa wahitimu wa kike. Norway iliwahi kufadhili mafunzo hayo kwa wanawake, na walionufaika leo ni wahandisi wataalamu wenye mihuri yao. Mmoja wao akiwa karibu na Mbeya, ndiye mlezi wako.

Huyo aliyekuuliza umekuja na nani, safari ijayo mwambie umekuja na namba yako ya usajili.

*Mimi ni fundi sanifu, nina stashahada ya DIT. Mambo haya ya wahandisi yanatuhusu? – Fundi wa Gongo la Mboto*

Yanawahusu. Bodi ina daraja la mafundi sanifu, lenye usajili wake. Jisajili. Kwenye zabuni mkandarasi anatakiwa kuonyesha watu wake na karatasi zao, na fundi mwenye usajili huhesabiwa. Ila usikubali kuitwa "injinia" na mwenye nyumba anayekubembeleza usaini michoro. Siku ghorofa likipasuka yeye atasema alidanganywa.

*Shikamoo. Nasoma uhandisi wa mawasiliano, UDOM, mwaka wa tatu. Lekchara wetu anasema tujiunge na IEEE ya Marekani. Sisi wa Dodoma tuna habari gani na Marekani? – Mwanafunzi*

Marahaba. Mna habari nayo kubwa. IEEE, chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki, kilizaliwa 1963 kwa kuunganisha vyama viwili, kimoja cha tangu 1884. Makao yake ni Marekani, lakini sisi Waafrika tumo katika Kanda ya 8, pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Mkutano wake mkubwa wa Afrika, AFRICON, wa 2021 ulipangiwa Arusha, na wa 2023 ulifanyika Nairobi.

Wanafunzi wanaweza kufungua tawi lao chuoni, na hilo ndilo ningelifanya kabla ya jingine lolote: tafuteni lekchara mmoja wa kuwa mlezi, mjiunge. Ada ya mwanafunzi ni ndogo, na wana punguzo kwa nchi za kipato kidogo, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa. Kisha jiandikisheni kwenye IEEEXtreme, mashindano ya kuandika programu kwa saa 24 mfululizo, timu ya watu hadi watatu. Tafuteni chumba chenye jenereta. Hata mkishika nafasi ya mkiani, mtakuwa na kitu halisi cha kuandika kwenye wasifu badala ya "najituma na ninaweza kufanya kazi chini ya presha".

Ila IEEE haiondoi ERB. Ukimaliza chuo bado utakwenda bodi kama wenzako. Na msisahau Siku ya Wahandisi inayoandaliwa na bodi kila mwaka: wahitimu bora wa vyuo hupewa zawadi, wahandisi wapya hula kiapo, kampuni huja na maonesho. Imewahi kufanyika hapohapo Dodoma. Ikirudi huko, ni nauli ya daladala tu.

*Hujambo Mama. Mimi ni Mkenya wa Mombasa, mhandisi mtaalamu wa EBK, bodi ya wahandisi ya Kenya, na mwanachama wa IEK, chama cha wahandisi cha kwetu. Nimepata kazi Tanga. Itabidi nianze upya na SEAP? – Injinia wa Kisauni*

Sijambo, karibu Tanga. Hapana, huanzi upya. Kenya, Uganda na Tanzania zilisaini mwaka 2012 makubaliano ya kutambuana wahandisi, na Rwanda ikaingia baadaye. Mhandisi mtaalamu wa nchi moja anaomba usajili nchi nyingine kwa kutumia usajili wake wa nyumbani. Lakini lazima uombe. Usidhani kadi ya EBK inatosha kusainia michoro huku.

Ninyi kwenu sheria ya 2011 iliunganisha mambo: hupati kuwa mhandisi mtaalamu mpaka uwe mwanachama kamili wa IEK. Huku kwetu uanachama wa IET ni hiari yako, kwa hiyo usishangae kukuta mhandisi mwenye mhuri ambaye hajawahi kuonekana kwenye mkutano. Wewe njoo nao utamaduni wa tawi lenu la Pwani, tunauhitaji.

Mwombe msajili wa EBK akuandikie barua ya kuthibitisha kwamba uko hai kwenye orodha na huna kesi ya nidhamu. Anza na hiyo, maana barua za kuvuka mpaka zina mwendo wake. Kibali cha kazi ni habari nyingine kabisa, na bodi haikitoi. Mwajiri wako wa Tanga aanze kukihangaikia sasa, kabla hujarudisha funguo za nyumba Kisauni.