Jibu: Wanaosoma masta kwa mtandao wanaridhika kweli?

Mkuu, umeuliza kama wanaosoma masta kwa mtandao wanaridhika, au wanajipa moyo tu kwa kuwa ada imeshalipwa. Mimi nimemaliza, miaka miwili, nikiwa mwalimu wa sekondari Mpanda na chuo kiko Dar.

Kuna kozi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kusoma darasani, na kuna nyingine inaniuma hadi leo. Chuo kile kile, Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni) ile ile, bando lile lile. Waliotofautiana ni walimu.

Dokta wa takwimu alirekodi vipindi vya dakika 15 hadi 20, faili dogo. Nilipakua usiku wa manane bando likiwa rahisi, asubuhi nasikiliza nikitembea kwenda kazini. Kazi yangu ya kwanza ilirudi baada ya siku 9. Ukurasa wa 4 aliniandikia pembeni: "Umetumia wastani, lakini tazama huyu mmoja mwenye kipato kikubwa anavyoivuta namba juu. Jaribu namba ya kati." Usiku ule ule nikarudia hesabu. Hatukuwahi kuonana, lakini kuanzia hapo nilijua nina mwalimu.

Mwalimu wa ile kozi nyingine alipakia PDF ya kurasa 80, nyingine zimelala upande, akapotea. Tukawa tunaulizana na kujibiana wenyewe. Ikaja tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikawa ya kubahatisha siku kadhaa. Tulikuwa na kazi za wote wawili wiki hiyo. Dokta wa takwimu alimtumia kiongozi wa darasa meseji ya kawaida: mna siku 5 zaidi. Kwa yule mwingine mfumo ulifunga saa 5:59 usiku, waliochelewa wakala sifuri. Mwenzetu mmoja, nesi wa zamu za usiku, aliacha masomo baada ya hapo. Namkumbuka sana.

Kwa hiyo akija mtu kukuambia tatizo ni umbali, usikubali. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, watu walisoma kwa mbali hata kabla ya simu hizi.

Halafu kuna dodoso la mwisho wa muhula. Kwetu liliuliza kama mfumo unafunguka haraka na kama slaidi zinasomeka. Kuhusu kazi kusahihishwa na kurudishwa, hakuna swali hata moja. Na usipojaza huoni matokeo, basi watu wanabofya "nimeridhika sana" toka juu hadi chini ili wapite. Mimi niliandika yote haya kwenye kile kisanduku cha maoni, na wewe ukifika hapo tafadhali andika.

Kabla hujalipa, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hiyo hiyo, mwombe akuoneshe kazi yake iliyosahihishwa. Alama achana nazo, soma yaliyoandikwa pembeni, kisha muulize ilirudi baada ya siku ngapi. Ukitaka kuona mfano, njoo inboksi nikutumie picha ya ule ukurasa wa 4, bado ninao.